Baba Hana Haraka ya Kufika Katelembo

Jumanne, 20 Februari 2001

Mtito Andei. Lami imelainika kwa jua, tairi zinanata. Uso wangu umeungua kama sufuria ya githeri. Baba anacheka — eti nilitaka mwenyewe! Kweli nilitaka. Alipostaafu bandarini alisema harudi kwetu Katelembo, Machakos, kwa basi kama mzigo, atarudi na baiskeli yake, Black Mamba aliyoendea kazini miaka yote. Mama akasema jua la pwani limempanda mzee kichwani. Nikaona siwezi kumwacha aje peke yake. Nikapanda basi nikamfuata, baiskeli ya mchumba wangu Mbithi ikiwa juu kwenye keria.

Tulitoka Mombasa mbio. Tangu Voi baba anajikokota. Akiona kivuli, lazima apumzike. Na Jumamosi kina Mbithi wanaleta mbuzi wa ntheo, wa kufunga ndoa Kikamba! Baba akikubali wachinjwe, mimi ni mke wa Mbithi. Akikataa, wanarudi na mbuzi wao. Nimemwuliza mara mbili atasema nini. Mara ya kwanza alipenga kamasi. Mara ya pili alisema baiskeli za gia, kama hii ya Mbithi, ni za watu wavivu.

Jumatano, 21 Februari

Makindu. Tumekula kwenye hekalu la Kalasinga — dengu na chapati, msafiri yeyote hula bila kulipa. Baba aliongezwa, akaongezwa tena. Kisha akajinyoosha kivulini, kofia usoni. Jua la Makindu si la kubishana nalo, akasema. Hatukusogea tena.

Jioni nilimweleza kwamba Mbithi hanywi, ana heshima, na anafanya kazi kiwanda cha saruji Athi River. Akafikiri kidogo. Akasema saruji ni kitu kizuri.

Basi. Hayo tu! Nampenda baba yangu lakini leo nilitamani kumtoa upepo tairi zote mbili.

Alhamisi, 22 Februari

Emali. Nimepiga simu dukani kwa jirani yetu Munyiva, mama akaitwa. Kuahirisha haiwezekani, wazee wa kina Mbithi wameshaalikana. Na baba asipokuwepo hakuna mwingine wa kupokea mbuzi. Wageni watasimama nje ya lango, kwenye jua hili. Aibu gani hiyo?

Nimemwambia baba yote. Akanunua tikiti maji, akalipasua, akanipa kipande cha katikati chenye sukari. Yeye akala pembeni.

Ijumaa, 23 Februari

Salama. Mguu unauma, lakini lazima niandike.

Mlima wa Salama umenishinda. Na gia zangu zote, nilishuka nikasukuma, malori yakinipulizia moshi. Baba hakushuka. Black Mamba haina gia hata moja, na mzee alipanda nayo mpaka juu akiwa ameketi! Nilimkuta kwenye jiwe, amefungua vifungo vya shati, anapumua taratibu kama mtu aliyetoka kanisani.

Mtu aliyechoka hapandi Salama hivyo. Basi hakuwa amechoka. Hakuchoka Voi, hakuchoka Makindu.

Nikamwuliza kwa hasira kama amekuwa akijifanya.

"Nilikuwa Mombasa, wewe ukakua," alisema. "Saa hii nimerudi, na wewe unaenda. Sasa haraka ni ya nini, mwiitu?"

Hasira ikaniisha papo hapo. Ni kweli. Tulikuwa tukimwona Krismasi na Agosti, na Agosti nyingine hakupewa ruhusa. Sikujua kwamba baba huimba nyimbo za kanisa akiteremka mlima. Sikujua hapendi kitunguu. Nimeyajua wiki hii, barabarani, nikimsukuma aharakishe.

Nikalia pale kando ya barabara. Akaniambia ninyamaze, maji tuliyobaki nayo ni kidogo, nisiyamalize kwa macho.

Sikumwuliza tena juu ya Mbithi. Leo tumeenda polepole. Mimi ndiye niliyetaka.

Jumamosi, 24 Februari

Tumefika. Tumechelewa!

Tulikata kona Kyumvi, na tulipokaribia nyumbani tuliwaona kwa mbali. Wazee wa kina Mbithi wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ua, kofia mikononi, na mbuzi watatu wamefungwa kwenye nguzo ya lango. Mama yangu maskini yuko ndani ya lango akiwapitishia maji kwa jagi juu ya mbao za lango, maana kwa mila ni baba tu wa kuwafungulia. Mbithi amesimama juani, shati lote limelowa jasho. Aliponiona alitaka kutabasamu, akakumbuka wazee.

Baba alishuka. Akawapa pole, akawasalimia mmoja mmoja, akafungua lango kwa mkono wake. Akawashika mbuzi mgongo, mmoja mmoja. Hakusema wamenona, hakusema wamekonda.

Kisha akaniita. Mimi na suruali yangu ya vumbi mbele ya watu wote.

"Nzisa. Hawa mbuzi wa watu, tuwachinje ama warudi? Mimi nitafuata maneno yako."

Kumbe wiki nzima jibu nililokuwa nikimdai lilikuwa langu mwenyewe. Mbithi namtaka, hilo halina shaka. Lakini nilimwangalia baba, viatu vyeupe kwa vumbi la njia yetu, nikashindwa kulisema.

Akanitazama. Akawaambia wageni kwamba mtoto ametoka mbali, aoge kwanza.

Nimeoga. Nimevaa lile gauni la kijani. Jibu ninalo, nimekuwa nalo muda wote. Dada yangu Mumbua anagonga mlango, anasema wazee wameanza kukohoa na Mbithi amekataa chai.

Huko nje baba ananoa kisu. Nakisikia kwenye jiwe, taratibu, kwenda na kurudi. Mumbua anashangaa, maana mama alikinoa jana kikawa kama wembe, na baba alionyeshwa makali yake.

Bado ananoa.