Chumvi ya Vidoleni

Mjukuu wangu Rehema,

Punje ya chumvi hupasuka motoni kwa mlio mdogo mkavu. Mlio huo haujanitoka masikioni.

Marahaba, ingawa mimi bibi yako nimekupita miaka minane tu. Dada yangu, bibi yako mkubwa, amehamia kijiji cha ujamaa, hajambo.

Unauliza wataalamu wanajuaje kilichomo katika mawingu ya gesi yanayong'aa kwenye magalaksi ya mbali. Hupima mwanga wake: kila elementi ina rangi zake, na ukali wa rangi huonyesha wingi.

Hapa Kilosa, kwa njia hiyo hiyo, nilichoma unga wa mawe yaliyotoka kijiji cha Malolo. Uliwaka njano, rangi ya sodiamu, nikaandika sodiamu nyingi.

"Binti, chuo kikuu kinakusubiri," mwalimu wangu akasema, akapeleka majibu yangu huko.

Lakini nilikuwa nimekula embe kwa chumvi, ambayo nayo ina sodiamu, nikashika unga bila kunawa. Kumbe nilipima vidole vyangu. Mlio niliusikia, nikanyamaza, na sasa usingizi haunijii.

Jana nilikiandikia chuo ukweli. Treni imeshaondoka na barua.

Bibi yako mdogo