Hema la Baba Limerudi kwa Matusi

Jumapili, Kilosa. Jua la mwezi wa kumi limetusimamia juu ya bati tangu asubuhi kama lina ugomvi nasi. Mvua za vuli bado ni maneno tu.

Shajara yangu, leo siwezi kutulia kitini. Si joto. Ni furaha, pamoja na kitu kingine kikubwa kuliko furaha ambacho sijakipatia jina.

Nianze vizuri. Mimi na mwalimu mwenzangu Rehema tumepanga kwamba shule zikifungwa twende Mikumi, tukalale porini kwenye hema. Mtaani wanatuona tumechanganyikiwa. Wanasema kulala kwenye hema ni mambo ya wanajeshi na Wazungu wenye kamera, na kwamba mtu mwenye kitanda chake hana sababu ya kumfuata simba. Waseme. Tangu Uhuru tunaambiwa nchi hii ni yetu, nami nataka nilale juu yake walau mara moja. Tena nina haraka: uhamisho wangu umeshatoka, mwaka ukianza nitakuwa Newala, na sijui nitarudi huku lini.

Askari wa mbuga ametukubalia kwa sharti moja. Tuwe na hema zima, si turubai la kuanikia mpunga.

Hema zima ninalolijua mimi ni moja tu, nalo lilikuwa la baba.

Baba alifanya kazi ya kujenga reli ya kutoka hapa kwenda Mikumi. Akija likizo alitujaza hadithi. Alisema kule miti hutoa majani mekundu kabla mvua haijadondoka hata tone, pori zima likawa jekundu. Alisema tembo walipita katikati ya mahema usiku bila kugusa kamba hata moja. Mimi nilicheka mpaka nikalala chini, na yeye akacheka kwa sababu mimi nacheka. Kambi ilipovunjwa akaruhusiwa kurudi na hema lake.

Siku tuliyomzika, Mzee Chilongola aliyefanya naye kazi relini aliingia ndani, akaliondoa lile hema ukutani, akajifunga kama kanga na kuondoka nalo akicheza. Sisi ni Wanyamwezi, yeye ni Msagara, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani akichukua kitu msibani, hukasiriki. Mama alicheka kama ilivyotakiwa. Lakini tangu siku ile hakulitaja tena hema, wala Mikumi, wala Mzee Chilongola. Nilimjua vizuri vya kutosha kujua kwamba kile hakikuwa kicheko.

Jumapili iliyopita nikaenda kulitafuta, nikapata lifti ya lori lililokuwa linakwenda Kidodi kubeba miwa. Tulipokaribia Mikumi nikamwomba dereva apunguze mwendo, nikatoa kichwa dirishani. Vumbi, joto, ardhi imekauka imepasuka. Na miti yote, vilima kwa vilima mpaka macho yanapochoka, imevaa majani machanga mekundu yanayong'aa. Hakuna aliyeimwagilia. Sijui inanywa nini. Nilibaki na kichwa dirishani njia nzima, na dereva akaniuliza kama naumwa.

Baba hakuwa muongo.

Nikamkuta Mzee Chilongola katika kijiji chao cha ujamaa karibu na Kidodi, anapalilia bustani. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku uso umemfunguka. Kisha nikaweka mikono nyuma na kusema kwa sauti yangu ya darasani, "Mzee, samahani sana kwa usumbufu, naomba kama itawezekana utuazime lile hema." Uso ukafungika. Akaniambia hana hema la kumwazima mgeni, akarudi kwenye jembe lake.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Sikuwa na la kuficha, nikamwambia mama kila kitu, hata miti. Kwenye miti aliacha kuchambua mchele. Kwenye samahani akapiga makofi ya mshangao. "Ulimwomba? Mtani anaombwa? Mwanangu, umemtukana mzee wa watu!"

Jana alfajiri nikamkuta amevaa viatu. Mama, ambaye katika miaka yote ya reli ile hakuwahi kuifuata hata stesheni moja. Tukaondoka pamoja.

Alianza kupiga kelele kabla hatujafika mlangoni kwa mzee. "Toka nje, mwizi wa misibani! Nimefuata mali ya mume wangu kabla panya wa Kisagara hawajaimaliza!"

Ndani kiti kikaburuzwa. Kisha ikaja sauti, "Nani huyo? Mnyamwezi gani anatembea bila mzigo kichwani?" Mzee Chilongola akatoka anacheka, na machozi yanamtiririka. Na mama anacheka, na machozi yanamtiririka. Wakatukanana mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Nilisimama pembeni na elimu yangu yote, sijui nishike wapi.

Hema lilikuwa limetundikwa juu ya jiko lake, kwenye moshi, mchwa wasilifikie. Kamba zote mpya. "Shemeji," akamwambia mama, taratibu sasa, "niliona ndugu wa marehemu wanalipima kwa macho walikate maturubai. Nikaona bora niibe mimi. Nimengoja mje kunitukana nilirudishe. Hamkuja."

Mama akashika kamba mojawapo, akaifuata kwa vidole mpaka mwisho.

Mzee akalisimamisha pale uani. Sikukumbuka kwamba ni kubwa namna ile. Mama akainama akaingia peke yake, akakaa humo muda. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti, mwanga wa jua unapita kwenye kitambaa na kumfanya awe na rangi ya asali, kidole chake kiko kwenye kiraka. Kiraka cha kanga. Kanga yake mwenyewe, iliyopotea kwenye kamba ya kuanikia likizo moja ya baba nikiwa mdogo, akawalaumu majirani wote wawili.

"Kumbe mwizi ni wewe," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Nilifikiri nitasafiri kwenda kustaajabia tembo na miti, na kumbe ajabu ilikuwa imekunjwa juu ya jiko la mtu miaka yote hii.

Leo hema limesimamishwa uani kwetu, linatoa harufu ya moshi. Mama amelizunguka tangu atoke kanisani, anavuta kamba hii na ile. Sasa hivi amesimama, ameuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Linalaza watu wangapi?"

Kesho nitamwambia Rehema kwamba tuko watatu.