Nyenkya ya Vijana wa Kwaya

Mjukuu wangu Alinda,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Nyabiyonza hatujambo. Bibi yako amevuna kahawa, mimi nimevuna maumivu ya mgongo. Unasema umechaguliwa mwenyekiti wa vijana kanisani huko Dodoma, na unauliza kiongozi huanzia wapi.

Nami niliwahi kuwa mwenyekiti, wa kwaya, mwenye sauti ya mbuzi na mapenzi makubwa ya cheo. Nilimwahidi mama mmoja mjane kwamba vijana tutamtandazia nyasi shambani, kabla kiangazi hakijaua migomba yake. Kila akiuliza, nilimjibu "nyenkya", yaani kesho. Unajua kwetu sisi Wanyambo, neno hilo hukataa bila kuudhi.

Siku moja wageni wa kanisa wakafika kutoka Bukoba, na mwinjilisti wetu haonekani. Nilimkuta kwa yule mjane, mzigo wa nyasi kichwani, suruali yake ya ibada imejaa vumbi.

"Mwinjilisti, wageni wanakungoja."

"Watanisamehe. Mama huyu amengoja zaidi." Kisha akamgeukia mjane: "Mama, ile nyenkya ya vijana imefika."

Hakunikemea. Nilivua koti, nikabeba mzigo wa pili. Mpaka leo sijaona kiongozi mrefu kama yule, akiwa ameinama kwenye migomba ya watu.

Bibi yako anachungulia barua hii begani kwangu, anauliza mlango wa jiko nitautengeneza lini. Nimemwambia leo, kwa hiyo naweka kalamu.

Babu yako