Usiiunganishe Kompyuta Yako

Chumba cha nyuma ya karakana,
Alhamisi asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu Msumari,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. U mzima? Kifua kimepona? Mimi ni chuma, kutu yenyewe inaniogopa. Barua hii naandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Kabla hujasoma zaidi: ukitoka huko kambini kwa mjomba wako, kusiko na mtandao, ukafika mjini, kompyuta yako usiiunganishe na mtandao. Iache imezimwa!

Dada yako yuko taabani. Kompyuta yake iliungua, akaitoa ile kuukuu kabatini, akarekebisha humo kidogo programu yenu ya dawa za hospitali. Kuipeleka kwenye lile ghala lenu la mtandaoni, ghala likakataa. "Babu, linataka nivute kwanza kazi ya Msumari." Akavuta, yake na yako zikagongana, kila mahali mistari myekundu. Akahangaika mpaka machozi.

Sasa mimi nimechomelea mageti ya mji huu, hakuna bawaba iliyowahi kunishinda. Nikamuuliza, "Humo hamna nyundo?"

"Ipo ya kulazimisha, Babu, lakini..."

"Lakini ya nini? Lazimisha!"

Ikaingia bila kelele. Tukacheka. Mara akashika kichwa. Ile nakala kuukuu imefunika kila kitu, jasho lenu la mwaka mzima. Iliyo nzima imebaki kwako tu. Na anasema yako umeizoesha, ikionja mtandao inajilinganisha yenyewe na ghala. Ikijilinganisha, nayo inafunikwa, tumekwisha. Jumatatu wakubwa wa hospitali wanakuja kuitazama, na bosi wake ameshasema akiharibu tena, kazi hana.

Simu yako haipatikani. Dereva wa lori la saruji ameapa kukukabidhi hii mkononi. Yuko nje anapiga honi, na mimi naandika polepole.

Bado nasema nyundo haina kosa. Lakini dada yako hali chakula, anatazama ukuta tu. Simu ikilia nashtuka kama mwizi.

Msalimie mjomba wako fundi bomba na mkewe. Mungu akulinde njiani, na aizime mitandao yote mpaka barua hii ikufikie.

Kama umeshaunganisha, usinijibu. Njoo tu nyumbani, tukae na dada yako.

Ni mimi babu yako nikupendaye, na leo naogopa.