Baba, Uliingia kwa Daktari Peke Yako

Mpendwa Baba,

Habari za huko uliko sijui nitaziulizia kwa nani, kwa hiyo nianze na za huku. Mahindi yako yalikauka vizuri, mbaazi zimeshika maua, na Kioko bado hanisemeshi. Mwanao wa kwanza ameamua kwamba mimi ndiye niliyekumaliza. Alilisema hilo mbele ya shangazi na majirani, siku tuliyokutana nyumbani Masii baada ya mavuno, mkononi ameshika sahani ya muthokoi wa mahindi hayo hayo uliyoyapanda: “Ungemsemea kwa daktari, Baba angekuwa hapa.” Siku hiyo sikumjibu. Leo nakuandikia hadharani, naye asome.

Unakumbuka siku ya kwanza ya kliniki? Mimi ndiye niliyechaguliwa kukupeleka kwa sababu ni mwalimu wa Kiingereza, na kwetu mwenye Kiingereza ndiye hupewa mgonjwa. Daktari, kijana mpole, alikusalimu kwa Kiswahili na kukuuliza kama umelala vizuri. Kisha akanigeukia, tukaanza Kiingereza chetu. Tuliongea muda mrefu kuhusu tumbo lako. Wewe ulikuwa katikati, kofia juu ya goti, ukimtazama kila aliyefungua mdomo.

Tulipofika kwangu Mumbuni ulikunywa chai nusu kikombe, ukaniuliza, “Mwaitu, huyo ‘he’ mlikuwa mnaongea yeye ni nani?”

Uliniita mwaitu, mama yangu, tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Nikacheka, nikasema, “Si ni wewe, Baba.”

“Na mimi niko hapo kwa kiti?”

Kicheko kikaniishia. Hukuwa na hasira. Ulisema, “Kwa Kiswahili ananiuliza kama nimelala. Kwa Kiingereza anakuuliza kama nitakufa. Nifundishe hiyo ya pili.”

Ulikuwa na miaka sabini na miwili na elimu ya darasa la tatu. Nikaleta chati zangu za shule, ukazikataa. Hakuna aliyejifunza kulima kwa kutazama picha ya jembe, ulisema. Tukasomea shambani kila Jumamosi, kwenye matuta uliyokuwa ukiyatengeneza kabla ya mvua, na sheria ilikuwa yako: hakuna kutaja tendo ambalo halifanyiki. Uliinua jembe ukasema, “I dig.” Ukanielekezea kidole mimi niliyekaa kivulini, “You sit.” Mama akaja na uji, nawe kwa furaha ukatangaza, “He is coming!” Nilipomweleza Mama kosa lako alishika kiuno. “Nimekuzalia watoto wanne,” alisema, “na leo ndio umejua mimi ni mwanaume?” Ulicheka mpaka ukakaa chini kwa maumivu.

Wanafunzi wangu wa darasa la nne hukariri bila kuuliza. Wewe ulibishana. “Mimi nikienda ni ‘I go’. Wewe ukienda ni ‘you go’. Lakini yule hayuko hapa ni ‘he goes’. Mbona yeye ndiye anaongezewa mzigo, na hawezi kujitetea?” Nikakwambia ndiyo kanuni. Ukasema basi kanuni hiyo ilitungwa na watu kama mimi na yule daktari. Nilijifanya kutafuta chaki mfukoni, na chaki yenyewe sikuwa nayo.

Ziara ya pili ndiyo inayoniuma. Daktari alisema una uvimbe tumboni, lazima utolewe, akapendekeza wiki iliyofuata. Ukakohoa kidogo, ukaketi wima. “Doctor, I want…” ulianza. Ukanyamaza kutafuta neno. Baba, nisamehe, nilidhani umekwama. Nikadakia kwamba unataka kujua kama utasikia maumivu. Daktari akanijibu mimi. Ukafunga mdomo, ukavaa kofia yako, ukanitangulia nje.

“Nilikuwa nimeishika sentensi yangu yote,” ulisema. “Umenipokonya nikiwa mlangoni.”

“Ilikuwa inasemaje?”

“I want to plant first.”

Niliwaka. Nilikwambia shamba litangoja, tutatafuta vibarua wapande, uache ukaidi wa Wakamba wa zamani. Uliniacha nimalize. Kisha ukasema, “Hata wewe ukigonjeka wataleta mtu akufundishie. Hao watoto bado ni wako ama sio wako?” Nilikasirika zaidi, kwa sababu ulikuwa umenishinda.

Siku uliyotakiwa kulazwa tulirudi pamoja. Muuguzi alipoita jina lako nilisimama, kama kawaida yangu. Ulinitazama tu, na nikakumbuka kwamba huyu ndiye mtu aliyeniita mama miaka yote bila kunidai niwe mama yake. Nikakaa chini. Ukaingia peke yako. Nilisikia sauti yako nyuma ya mlango, kisha ya daktari, kisha yako tena, ndefu. Mara mbili nilishika kitasa, mara mbili nikakiachilia.

Ulitoka na karatasi yenye tarehe mpya, wiki sita mbele. Nikakuuliza kama daktari amekwambia ni hatari.

“Ameniambia. Nikamwambia arudie polepole, akarudia. Nimeelewa, mwaitu.”

Mvua ikaja. Majirani wa mwethya walikusaidia kama mlivyosaidiana siku zote, wao wakichimba mashimo na wewe ukidondosha mbegu, ukipumzika kila baada ya mstari. Na ile tarehe ilipofika ulikuwa wa kwanza kufika wodini, begi lako mkononi, hata muuguzi hajaanza zamu. Walikupasua. Mwezi uliofuata ukatutoka.

Nimerudi kwa daktari mara moja. Nilitaka aniambie nilikosea au sikukosea, nitulie. Alisema uvimbe ulikuwa umeshaenea, na hawezi kuapa kwamba wiki sita zilibadilisha chochote, wala kwamba hazikubadilisha. Kisha akaniambia ulivyoanza siku ile, kabla hata hajakukaribisha kiti: “You ask me. I am the sick.” Akanitazama kama anayesubiri nikusahihishe. Nililia palepale, Baba, mbele yake, na sikuona haya.

Sitajifanya kuwa nina amani. Kuna asubuhi natamani ningefungua ule mlango, nikasema kila kitu kwa Kiingereza safi, nikakulaza kwa nguvu, nawe ukanichukia ukiwa hai. Nikikosa kitu cha kujitetea nacho, mdomo wangu hukimbilia kusema “tuliamua”. Shangazi akiuliza, nasema tuliamua. Wenzangu shuleni wakiuliza, nasema tuliamua. Ni uongo wa woga, nami nimeuchoka. Hatukuamua sisi. Mimi nilipinga, Mama alilia, na Kioko hakuwepo. Alikuwa akituma pole kwa simu.

Kwa hiyo, kaka yangu, ukisoma hapa ujue nimekubali neno lako nusu. Huenda angekuwa hai, na nusu hiyo nitaibeba mpaka nife. Nusu ya pili, kwamba ningemsemea, siichukui. Mbaazi nitakuja kuvuna, utake usitake, na tutachambua pamoja hata kama ni kimyakimya.

Pumzika, Baba. Maumivu yale niliyatafsiri vizuri kuliko mtu yeyote, lakini kuyasikia uliyasikia wewe. Kufa nako ulikufa mwenyewe, na hakuna kati yetu aliyeweza kukushikia zamu hata ya dakika moja. Basi na kusema, ilikuwa haki yako useme mwenyewe.

Ni mimi, binti yako.