Vidonge Nilivyomwamuru Avitupe

Mbugangari, Gisenyi
Novemba 1998

Dada yangu mpendwa Verediana,

Naamini barua hii inakukuta hapo Karagwe ukiwa na nguvu za kuwahudumia wagonjwa wako, na kwamba mgongo wa Mama umetulia tangu mvua zianze. Mimi ni mzima. Kinachonisumbua ni kosa langu mwenyewe, na kwa kuwa wewe ni muuguzi, sitakueleza nusu tu, bali lote.

Jirani yangu, Mama Furaha, huuza nyanya Goma. Kila asubuhi huvuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière na beseni kichwani. Mwaka jana alikonda, wateja wakanong'ona kwamba ana ukimwi. Basi akanunua ng'ambo vidonge vya kunenepesha, vile wanavyomeza wanawake wengi wa huku. Baada ya miezi minane uso wake ulikuwa wa mviringo. "Mwalimu, angalia!" alijisifu uani. "Sasa watasema nini? Mi nimekuwa muzuri!"

Nilisoma pakiti nikaitambua dawa. Unakumbuka kwamba kabla ya kuja kufundisha huku niliichunguza dawa hiyo maabarani kwa miaka miwili. Nikamhutubia: chembe nyeupe ya damu inapoguswa na kijidudu, vipokezi vilivyo juu yake hupata habari, na habari hiyo hupita kutoka protini hadi protini mpaka protini inayoifungia swichi ya uvimbe ivunjwe. Swichi huingia katika kiini na kuwasha jeni zinazoleta joto, uvimbe na maumivu. Vidonge vyake vilikuwa vikizizima jeni hizo.

"Unawanyang'anya askari wako silaha," nikahitimisha. "Vitupe leo."

"Bon, na nikikonda tena, we utanunua nyanya yangu yote?" Alicheka. Hata hivyo alivimwaga chooni mbele yangu, kwa sababu Mwalimu amesema.

Wiki iliyofuata malaria ilimpata, akaanguka mpakani, mwili baridi, mapigo ya moyo hayashikiki. Wachukuzi wa mizigo wakambeba hadi hospitali. Daktari alimtundikia maji, akamchoma sindano ya dawa ya jamii ileile niliyomtupisha, kisha akauliza, "Nani alimwambia aache ghafla?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikujibu.

Dada, nilijua. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza homoni ya jamii hiyo, breki ya mwili wenyewe. Vidonge vikiingia kwa miezi mingi, tezi hulala. Ukiviondoa kwa siku moja, ugonjwa ukija, mwili hauna cha kujizuia wala cha kusimamia. Nilikuwa nikiifikiria chembe moja chini ya darubini, nikamsahau mwanamke mzima. Wewe ungemuuliza kwanza amemeza vingapi, tangu lini. Uliwahi kunieleza hivyo, nami nikakujibu kwamba huo ni uuguzi, si sayansi. Kwa jibu lile nakuomba radhi.

Alipotoka hospitali aliniletea sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. "Mwalimu, ulisema ile dawa ni mubaya. Asante." Majirani waliokuwapo wakanisifu. Niliwala wale samaki. Siku tatu nilivumilia sifa hizo, na jana nikamwendea akipanga nyanya.

"Mama Furaha, hukuangushwa na dawa. Uliangushwa na kuiacha ghafla, na aliyekuamuru ni mimi."

Hakuinua macho. "Donc, kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Daktari aliuliza. Mi nilikuwa nasikia pale kitandani. Nikangoja useme." Akaiweka kando nyanya iliyopasuka. "Ile sambaza nilileta nione kama utakula."

Kisha akanitolea karatasi ya daktari. "Haya, soma. Pole pole. Leo nimeze ngapi?"

Vidonge alivyorudishiwa na daktari vinapunguzwa kidogo kidogo kwa majuma mengi. Leo asubuhi, kabla hajavuka, nimemsomea kipimo chake, na kwa mara ya kwanza nimemuuliza amelalaje. Amenijibu. Ila haniiti Mwalimu tena, ananiita jirani.

Mfikishie Mama heshima zangu, na shemeji pale kwenye cherehani yake. Binti yako mkubwa anayesomea uuguzi mpe barua hii aisome yote, hata pale mlangoni.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Faustin