Viburi Vyenu Nyinyi Wasomi

Shangazi yangu Mwanatumu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tangu nijue kusema sijawahi kuanza kuzungumza nawe kwa neno jingine, na hata kalamu imekataa.

Niko barazani kwako hapa Bongwe. Yale makuti uliyoyashona mwisho yalichukuliwa juzi, baada ya hitima ya arobaini. Yule mwenye nyumba za wageni kule Diani alikuja mwenyewe na pikapu. Alipoambiwa umefariki, alivua kofia, akasimama kidogo, kisha akaniuliza mimi ni nani wako. Nikamjibu, "Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea." Nilijibu haraka sana, Shangazi, kama mtu anayekimbilia kulipata jambo lililokwisha kumpita.

Nataka kukuambia habari ya ile siku ya redio. Unaijua kwa upande wako. Upande wangu sikuwahi kukuambia.

Waliponialika kwenye kile kipindi cha maneno ya Kiswahili, nilikupigia simu wewe kabla ya kumwambia mke wangu. Ukapiga kigelegele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Sikukwambia kwamba ningeketi meza moja na msomi mmoja kutoka chuo kikuu, mtu mwenye vitabu vyake. Na mimi ni mwalimu wa sekondari ya Ukunda mwenye shati moja zuri.

Mtangazaji alianza kwa kuniuliza mapenzi yangu ya lugha yalitoka wapi. Nikasema yalitoka kwa babu yangu wa Msambweni, aliyekuwa na vitabu vingi. Shangazi, wewe ni binti yake. Wajua kwamba babu alikuwa mkwezi wa minazi na kwamba nyumbani mle mlikuwa na msahafu mmoja tu. Maneno niliyapata kwako. Ulikuwa ukishona makuti huku ukinihadithia, nami nakupokeza kuti moja moja, na nikitamka neno vibaya wewe wanirudisha mpaka nilitamke sawa. Ningesema hivyo, ningekuwa nimesema kweli. Sikusema.

Neno la siku ile lilikuwa kiburi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikaeleza kwamba tumelipata kutoka Kiarabu, na kwamba mzizi wake ni ukubwa. Takaburi imetoka humo humo, na takbira tunayoitamka katika kila sala imetoka humo humo. Ukubwa ni wa Mwenyezi Mungu. Mja akiuvaa, ndipo unapoitwa kiburi. Nikaeleza pia jinsi Waswahili walivyolipokea: waliisikia ile "ki" ya mwanzo wakaifanya yao, kama walivyofanya kwa kitabu hata tukapata vitabu. Ndiyo maana twasema kiburi chake. Yule msomi alitikisa kichwa kukubali. Nikajiona nimefika.

Kisha simu zikafunguliwa, na ya tatu ilikuwa yako.

"Asalaam alaykum. Mimi napiga kutoka Bongwe."

Nilikujua kabla hujamaliza salamu. Nataka jambo hili niliseme wazi, maana ndilo lililonifanya niandike. Nilikujua.

Ukasema, "Nataka kumwambia mwalimu kwamba sisi huku kiburi hatukiiti ukubwa. Mtu aweza kuwa mkubwa akakaa na watu vizuri. Kiburi ni kumpita mtu unayemjua kama kwamba humjui. Na viburi vyenu nyinyi wasomi, mwanangu, ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu mwavitafutia na maelezo."

Sauti yako ilikuwa na kicheko ndani yake. Ulikuwa unanitania, kama tunavyotaniana siku zote. Ulikuwa ukisubiri niseme, "Aa, Shangazi!" Mtangazaji alikuwa anacheka. Yule msomi alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Asante mama kwa mchango wako. Ila nikusahihishe kidogo. Kiburi hakina wingi, hatusemi viburi. Ni makosa ya kawaida kwa wazee wetu ambao hawakubahatika kusoma."

Ukasema, "Haya, baba," na simu ikakatika.

Nilikuwa njiani kurudi Ukunda ndipo nilipokumbuka kitabu na vitabu. Kwa maelezo yangu mwenyewe, ulikuwa na haki yote ya kusema viburi. Lakini hata ungekuwa umekosea, Shangazi, haidhuru. Nilimwita mama yule aliyenilea "mama" kama anavyoitwa mteja sokoni, nikawatangazia watu wa Kwale nzima kwamba hakusoma. Hukusoma kwa sababu babu alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, na akamchagua baba yangu.

Jumapili nilikuja kukuamkia. Nilikuja na mkate wa sinia na uso wa mtu asiye na neno. Ulinitilia chai. Tukazungumza habari za mvua na za bei ya nazi. Kisha ukaniuliza, bila kuniangalia, "Siku ile redioni, hukunijua?"

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine, na safari hii hapakuwa na msomi wala mtangazaji, ila mimi na wewe. Nikasema, "Simu ilikuwa inakwaruza, Shangazi. Sikuitambua sauti."

Ukasema, "Nilijua. Nilimwambia Mama Mutua hapo jirani, simu huharibu sauti za watu." Ukanisogezea kipande kikubwa cha mkate, nami nikakila.

Wiki tatu baadaye presha ilikupanda. Nilipotolewa darasani kuitwa, ulikuwa umeshaondoka.

Nilisimama safu ya kwanza katika sala ya jeneza. Imamu alipotoa takbira ya kwanza, nilisikia maneno yangu ya redioni yote yakinirudia, yale ya mzizi na ya ukubwa ni wa nani. Takbira nne. Sikuweza kuitamka hata moja kwa sauti. Watu walidhani ni majonzi, wakanishika mabega. Yalikuwa majonzi, ndiyo, lakini zaidi ilikuwa aibu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Mutua, jirani yako, kumshukuru kwa kukupeleka hospitali. Wajua anavyozungumza, miaka yote hiyo pwani na Kiswahili chake bado cha Machakos. Akanihadithia kwamba siku ya kipindi ni yeye aliyekubonyezea namba, na kwamba mlijaribu mara nyingi kabla simu haijaingia. "Alimaliza kredo yangu yote ya simu," akasema. Aliniambia ulivaa leso mpya ili kuzungumza na redio.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nilikujua, na kwamba Jumapili ile nilikudanganya, na kwamba ulikufa ukiamini uongo wangu.

Nilidhani Mama Mutua atanifukuza. Akasema, "Mwalimu, wewe unafikiria huyo mama alikuwa mjinga? Alijua. Jumapili hiyo ukienda, alikuja hapa akalia. Akaniambia nisikuambie, ati utaona aibu, utaacha kuja."

Basi ulijua. Ulinisogezea mkate na ulijua. Ile habari ya simu kuharibu sauti uliitunga wewe ili mimi niwe na pa kujificha, na mimi nikajificha, na nikatoka pale nikidhani ni uongo wangu uliofaulu.

Sijui nikuombe radhi vipi. Nikiwa mdogo nilikuwa nakubusu mkono na mambo yanakwisha. Leo nimekwenda kaburini nikakaa chini penye mchanga na suruali yangu ya kazini, nikasema nisamehe, na kunguru wakaendelea na kelele zao.

Alhamisi nimeitwa tena redioni. Nimeshazungumza na mtangazaji, akaniuliza kama nina hakika. Nakuahidi, kabla ya neno lolote, nitasema kwamba mama aliyepiga simu kutoka Bongwe alikuwa Mwanatumu binti Hamisi, mshona makuti, shangazi yangu, na kwamba niliitambua sauti yake. Mama Mutua atakuwa anasikiliza. Nimemnunulia kredo, nimemwambia nikikwepa, apige simu.

Mungu akupe kauli thabiti, akulaze mahali pema. Kwaheri, Shangazi.

Mwanao,
Salimu